Mwaka Niliomwandikia Kamishna

Tulimzika Kaspari Haule huko Makambako, siku ya upepo mkali, na binti yake Agnesi, ambaye sasa naye ni bibi mwenye wajukuu, alinishika mkono akaniongoza hadi safu ya mbele ya viti, mahali palipotengwa kwa watu wa ukoo. Nilimwambia kwamba mimi si wa ukoo, nikamwonyesha mabenchi ya nyuma walikokaa majirani. Akasema, "Hapana, mzee. Baba aliagiza kwamba siku yake wewe usikae nyuma." Basi nikakaa mbele, magoti yakiniuma kwa baridi, na ilipofika zamu ya waliowahi kufanya kazi na marehemu nikainuka nikasema sentensi tatu: kwamba tulijuana Njombe wakati wa Mwingereza, kwamba yeye alikuwa konstebo na mimi karani wa ofisi ya polisi, na kwamba katika maisha yangu sijapata kuona mtu mwaminifu kumshinda. Watu wakaguna kwa kukubali. Padre akatazama saa yake. Nikarudi kitini nikijua kwamba yote niliyosema yalikuwa kweli, na kwamba kweli hizo nilizipanga kwa ustadi wa mtu aliyezoea kuchagua karatasi ipi iwekwe juu na ipi iwekwe chini. Ustadi huo umenichosha. Nina umri ambao mtu haogopi tena kufukuzwa kazi, na bado siku ile niliogopa. Ninachoandika hapa ni kile ambacho sikukisema kaburini.

Nilifika Njombe mwezi wa Aprili, nikitoka chuoni moja kwa moja, cheti changu nimekifunga ndani ya shati kisilowe mvua. Ofisi ya polisi ilikuwa vyumba vitatu nyuma ya Boma. Chumba cha mbele kilikuwa cha zamu, cha nyuma kilikuwa cha Bwana Inspekta, Mwingereza mwembamba aliyesema Kiswahili sahihi na kwa sauti ya chini. Katikati tulikaa Sajenti Mbilinyi na mimi, kila mmoja na meza yake, na jiko moja la mkaa ambalo sajenti alilivutia upande wake kwa mguu kila nilipoinuka. Dirisha lilitazama miti ya miwati, na siku nyingi ukungu haukuondoka hadi saa nne, hata ilionekana kana kwamba nje hakuna kitu, na serikali yote imo humu ndani, pamoja na harufu ya rangi ya viatu na ya makoti ya askari yaliyokuwa yakikaukia ukutani. Mkono wangu ulikufa ganzi juu ya taipureta. Lakini nilikuwa na furaha, na nataka niseme hivyo bila kuidhihaki, kwa sababu furaha ile ndiyo iliyofanya yote. Chuoni nilikuwa nimeamini kwa moyo wangu wote kwamba serikali njema hujulikana kwa jambo moja: mtu wa chini kabisa aweze kusikiwa na mtu wa juu kabisa. Na kila wiki nilipiga chapa juu ya bahasha maneno yale, Kwa Kamishna wa Polisi, Dar es Salaam, nikahisi kwamba mimi ndiye mlango.

Kamishna mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona. Barua zake zilikuja na nembo, na chini yake daima alikuwa ametia sahihi mtu mwingine kwa niaba yake. Hilo halikunikwaza, kinyume chake, lilinipa picha ya ofisi iliyo juu ya watu, chumba kirefu chenye utulivu ambamo kila neno lililotoka wilayani lilisomwa na kupimwa. Sajenti Mbilinyi, ambaye alikuwa amekwisha kuwaona mainspekta sita wakija na kuondoka, aliniita Mwalimu, na hakulitumia jina hilo kwa sifa. "Mwalimu," alisema siku moja akishika barua yangu mbali na macho, "umeandika 'kwa heshima na taadhima' mara nne katika ukurasa mmoja. Kamishna atadhani tunakwenda kumposa bintiye." Niliiandika upya, nikabakiza mara mbili.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kukitunza Kitabu cha Amri za Polisi. Kilikuwa kitabu kinene chenye jalada la kitambaa cha buluu, na ndani yake mlikuwa na kila kitu, tangu urefu wa soksi hadi namna ya kumkamata mwendawazimu. Amri zilipobadilika, ofisi ya Kamishna ilituma karatasi za masahihisho. Karani alipaswa kuzikata kwa mkasi, kubandika kila moja juu ya ibara ya zamani, kisha kutia sahihi na tarehe katika orodha iliyokuwa mwanzo wa kitabu. Nilikipenda kitabu hicho mno. Jioni nilikwenda nacho chumbani kwangu kwa ruhusa ya sajenti, nikakisoma kama wengine wasomavyo vitabu vya dini. Karatasi za masahihisho sikuzipenda. Nyingi zilihusu vifungo na mikanda. Na pengine, ingawa nisingelikubali wakati ule, iliniuma kuyafunika maneno ambayo nilikuwa nimekwisha kuyahifadhi moyoni. Nilizitia katika saraka ya meza, nikajiambia nitazibandika zote pamoja mwisho wa mwezi. Miezi ikapita.

Haule nilimjua kwa sababu ya chakula. Sikuwa na mke wala mpishi, naye aliniona siku mbili mfululizo nikila viazi vya kuchemsha juu ya karatasi pale ofisini, siku ya tatu akaniambia niende kwake. Aliishi katika laini za polisi, chumba kimoja na ua, yeye na mkewe, Mama Agnesi, na watoto watatu. Alikuwa mtu wa Manda, pwani ya Ziwa Nyasa, na nduguze walimtumia usipa, wale dagaa wa huko, katika vikapu vilivyokuja juu ya magari ya mizigo. Mkewe, Mbena wa Makambako, aliwapika na nyanya na kuwalaumu samaki wenyewe kwa harufu yao. Tulikula ugali ule wa moto mikono yetu ikifuka mvuke. Nilikuwa nikingoja uani, mgongo wangu ukutani, na kwa kuwa ukuta ulikuwa wa fito na udongo nilisikia waliyosema ndani wakipakua.

"Kanga walikuwa wangapi?" niliwahi kumsikia Mama Agnesi akiuliza.

"Umekwisha kuniuliza hilo."

"Nauliza tena. Wangapi?"

"Sita."

"Sita. Na hata bawa moja hukuwaletea wanao."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwanzoni mwa mwaka Haule alikuwa zamu katika kituo kidogo cha Makambako, peke yake, akimlinda mahabusu mmoja wa wizi wa ng'ombe. Bwana Inspekta akapita na bunduki yake, akiwinda kanga, akamwamuru Haule aje abebe ndege. Haule akasema kuna mahabusu. Akaambiwa kwamba ni muda mfupi tu. Waliporudi baada ya saa mbili, nondo ya dirisha ilikuwa imeng'olewa na mtu hayupo. Katika kitabu cha matukio Inspekta aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba konstebo aliacha lindo bila ruhusa, na katika jalada la Haule ikaingia alama ya wino mwekundu. Mkataba wake ulikuwa unaisha Desemba. Askari mwenye alama ile haandikishwi upya. Hutoka yeye, mkewe na wanawe katika laini, na miaka yake yote ya utumishi huhesabiwa si kitu. Haule alinisimulia haya bila kupaza sauti. Kilichomuuma si Inspekta, ambaye alimwona kama mtu mwoga aliyeshikwa na woga wake. Kilichomuuma ni kwamba kule juu kulikuwa na karatasi iliyosema uongo juu yake, na waliokuwa juu waliiamini kwa sababu hawakuwa na nyingine.

Mwezi wa Juni waraka ukaja kwamba Kamishna wa Polisi mwenyewe atafanya ziara ya nyanda za juu, na kwamba atakagua gwaride Njombe. Kwa wiki tatu hatukufanya kazi yoyote iliyohusu uhalifu. Mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa, yakanyeshewa, yakapakwa tena. Mablanketi ya mahabusu yalichemshwa katika pipa. "Hata mbwa wa Inspekta ameogeshwa," alisema Sajenti Mbilinyi. "Tumebaki mimi na wewe, Mwalimu." Mimi wakati huo nilikuwa nimepata katika kitabu ibara ambayo ilinifanya nishindwe kukaa kitini. Ilisema kwamba siku ya ukaguzi askari yeyote mwenye lalamiko anaweza kutoka hatua moja mbele ya mstari na kumweleza Kamishna mwenyewe. Jioni nilikipeleka kitabu kwa Haule, nikamsomea kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha akaniomba nirudie.

"Imeandikwa hivyo hivyo?" akauliza.

"Hivyo hivyo."

"Na aliyeandika ni nani?"

"Ofisi ya Kamishna yenyewe."

"Basi hawezi kukasirika," akasema, "kwa mtu kutenda alichokiandika mwenyewe."

Mama Agnesi alikuwa akichagua maharage, hakuinua uso. "Bwana karani," akasema, "wewe ukikosea, unafuta na kuandika upya. Huyu akikosea, sisi tunahama nyumba."

Nilimjibu kwa kirefu. Nakumbuka kwamba nilitumia neno haki mara nyingi, na kwamba nilisimama ili niseme vizuri. Alinisikiliza kwa adabu, maharage yakidondoka moja moja ndani ya ungo, na nilipomaliza akaniuliza kama nimeshiba.

Siku ya gwaride umande uliganda juu ya nyasi, ukavunjika chini ya viatu vya askari kama chumvi. Kamishna hakufanana na picha niliyokuwa nayo. Alikuwa mzee kidogo, amechoka kwa safari, na baridi ilikuwa imemletea kikohozi. Alijifuta pua kwa leso aliyoificha haraka ndani ya mkono wa koti. Nilisimama nyuma yake na daftari, kama nilivyoamriwa. Alipita mstari wa kwanza, akapita wa pili, akanyoosha mkanda wa mtu mmoja, na alipofika mwisho akasema kwa Kiswahili, huku mwili wake umekwisha kugeukia bohari iliyofuata kukaguliwa, "Kuna mwenye lalamiko?" Swali lile liliulizwa katika kila gwaride nchini na jibu lake lilikuwa ukimya. Ndipo nikasikia viatu. Haule alitoka hatua moja, akapiga saluti, akasema, "Mimi, afande."

Kamishna akageuka. Kwa muda mfupi nilimwona akitazama uso wa Haule kwa makini, kama mtu anayetaka kweli kujua, na moyo wangu ukapanda. Kisha akamwuliza Inspekta kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo, kama askari huyu ametoa notisi. Inspekta akasema hapana. Kamishna akakohoa. Hakukasirika; ningelipenda akasirike. "Askari," akasema, "kuna utaratibu. Fuata utaratibu." Akaenda bohari, na Inspekta akamfuata, na mimi nikawafuata wote wawili na daftari langu. Hakuna aliyemwamuru Haule arudi mstarini. Kwa kuwa askari harudi bila amri, alibaki pale pale, hatua moja mbele ya wenzake, mkono umeshuka ubavuni, hadi gwaride likavunjwa. Tulikuwa bohari karibu nusu saa. Kila nilipopita mlangoni nilimwona.

Saa sita Sajenti Mbilinyi alinijia mezani. Kwa mara ya kwanza hakuniita Mwalimu. "Karani," akasema, "notisi ya siku saba, kwa maandishi. Ilikuja katika masahihisho ya Mei. Nilikukabidhi bahasha mwenyewe. Umezibandika?"

"Nimezibandika," nikasema.

Akanitazama, akachukua kofia yake, akaenda nyumbani kwa Inspekta, ambako wageni walikuwa wakinywa chai. Nilibaki peke yangu mchana ule mweupe. Niliifungua saraka nikaikuta karatasi yenyewe, ndogo kama tiketi ya basi, ikisema kwamba lalamiko lolote lipelekwe kwanza kwa mkuu wa kituo siku saba kabla ya ukaguzi, na kwamba atakayetoka mstarini bila notisi hiyo atakuwa ametenda kosa. Niliisoma nikiwa nimesimama. Ningeweza kuivaa kofia yangu na kwenda kwa Inspekta, mbele ya Kamishna na vikombe vyao, na kusema kwamba kitabu cha kituo hiki hakikuwa na amri hiyo, kwamba kosa ni langu. Nilijua kwamba ndivyo impasavyo mtu. Nilikuwa nimeandika insha juu ya jambo hilo hilo chuoni, nikapewa zawadi. Nilichukua mkasi. Nilikata karatasi ile na nyingine zote kumi na kitu, nikazibandika moja baada ya nyingine, nikafungua orodha ya mwanzo, nikatia sahihi yangu na tarehe za mwezi wa Mei, nikibadilisha kalamu mara mbili ili wino usilingane. Sikuwa nimejua kwamba ninaweza kuwa mwerevu kiasi hicho.

Kesho yake asubuhi Haule alisomewa mashtaka katika chumba cha Inspekta. Kamishna alikuwa amekwisha kuondoka kwenda Songea. Haule, bila kofia na bila mkanda, alisema jambo moja tu: kwamba alitenda kama kitabu kinavyoruhusu. Hakusema nani aliyemsomea. Inspekta akaamuru kitabu kiletwe, na aliyekileta ni mimi. Nilikiweka mezani, nikakifungua mahali penyewe, nikaambiwa nisome, nikaisoma ile karatasi ya masahihisho kwa lugha zote mbili bila sauti yangu kutikisika. Haule akaomba ruhusa akione. Hakujua Kiingereza, lakini aliinama, akaweka kidole gumba juu ya maneno, kama wafanyavyo watu ambao wameambiwa kwamba jambo limeandikwa. Njombe mwezi wa Julai gundi haikauki kwa siku moja. Niliona karatasi ikiteleza kidogo chini ya kidole chake. Akakiinua, akakisugua polepole kwa kidole cha shahada, akayainua macho akanitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu.

"Ni kweli, afande," akamwambia Inspekta. "Imeandikwa."

Pendekezo la kumwachisha kazi nililipiga chapa mwenyewe alasiri ile, nikaliandikia bahasha. Jibu lilichukua wiki tatu kurudi, likiwa na sahihi kwa niaba ya Kamishna, na katika wiki hizo tatu hapakuwa na siku ambayo nilikosa nafasi ya kusema. Nilikula viazi vyangu ofisini. Jibu lilipofika niliorodhesha vitu alivyorudisha: kofia moja, koti moja, kaptula mbili, viatu jozi moja. Akavaa makubadhi ya mpira wa gari, akapandisha mkewe na wanawe juu ya lori la mahindi, wakaenda Makambako, ukweni. Wanaojua maisha ya watu wetu hawahitaji kuelezwa maana ya mwanamume mzima kurudi na vyombo vyake kukaa kwa baba mkwe. "Basi, Mwalimu," alisema Sajenti Mbilinyi akilitazama lori likipotea ukunguni, na kwa upole ambao sikuustahili akanisogezea lile jiko.

Jumapili moja ya Septemba nilikwenda Makambako. Nilimkuta Haule katika shamba la mkwewe, akipanda viazi, akiwa amevaa shati lililokuwa jeupe. Nilimwamkia, kisha nikamwambia yote, nikiwa nimesimama kati ya matuta, kwa sababu nilijua kwamba nikikaa sitaweza. Alinisikiliza akiendelea kufukia mbegu kwa mguu.

"Nilijua," akasema. "Kidole kilinata."

"Kwa nini basi hukusema?"

"Ningesema, tungeondoka sote wawili siku ile. Angebaki nani wa kuandika?" Akasimamisha jembe. "Sikiliza, bwana mdogo. Sitaki uniangukie miguuni. Mimi sijui kuandika barua ya kwenda juu; wewe unajua. Mwandikie Kamishna. Mwambie kitabu hakikuwa na ile karatasi. Mwambie na habari ya kanga. Yule mzee hakuwa na hasira siku ile, nilimwona macho. Akijua, atanirudisha. Mpaka Desemba bado mimi nina mkataba."

Tulikwenda nyumbani tukala. Mama Agnesi alinipakulia kama zamani, akakaa mbali kidogo, akaniambia neno moja tu wakati wa kuagana: "Ulimsomea mara tatu. Andika kama ulivyosoma."

Niliandika. Nadhani ile ndiyo barua bora niliyowahi kuandika, kurasa tano, bila taadhima hata moja; nilisema nilichofanya na mkasi na gundi na kalamu mbili, nikasema kuhusu kanga sita na nondo ya dirisha. Kisha nikafanya jambo ambalo nimelifikiria kwa miaka mingi kuliko jingine lolote. Barua ya karani kwenda kwa Kamishna ilipaswa kupitia kwa mkuu wa kituo. Mimi, niliyemwangamiza mtu kwa kutojua utaratibu, niliapa kwamba safari hii nitaufuata utaratibu hadi mwisho. Niliipeleka kwa Inspekta.

Aliisoma yote, amesimama karibu na dirisha. Alipomaliza akanimiminia chai katika kikombe chake cha pili, jambo ambalo hakupata kulifanya kwa Mwafrika yeyote pale, akaniambia niketi. Alisema kwamba ninaandika vizuri. Alisema kwamba kila mwezi yeye hutia sahihi kwamba amekikagua kitabu kile, na hakuwahi kukikagua, kwa hiyo barua hii itammaliza yeye pia, na hilo ni sawa. Alisema kwamba mimi nitashtakiwa kwa kughushi, nitafungwa, na hakuna shule wala ofisi itakayonichukua tena. "Na Haule hatarudi," akasema. "Nimefanya kazi chini ya ofisi ile miaka kumi na tisa. Haijapata kumrudisha mtu." Alisema bila ukali, kama daktari. Kisha akachukua penseli, akaandika pembeni, Weka jaladani, akanirudishia. "Sikukatazi," akaongeza. "Posta ni ile pale."

Posta ilionekana dirishani, ng'ambo ya njia, na mtu wa posta alikuwa mlangoni akiota jua. Niliirudisha barua mezani kwangu. Niliipa namba. Niliiandika katika daftari la barua, nikaitoboa matundu mawili, nikafungua jalada la Konstebo Haule, nikaiweka kati ya orodha ya nguo zake na barua ya kumwachisha kazi, mahali pake sahihi kwa tarehe. Nikafunga utepe. Sajenti Mbilinyi alikuwa akinitazama muda wote huo.

Mwanzoni mwa Desemba nilikwenda tena Makambako, kwa sababu kutokwenda kungekuwa jibu. Mvua zilikuwa zimeanza, tukakaa ndani, moshi ukituuma macho. Haule alikuwa amekonda. Alingoja hadi tukamaliza kunawa ndipo akauliza, kama aulizaye habari za njiani, "Imejibiwa?"

"Bado," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa kuelewa. "Ofisi ile ni kubwa," akasema. "Nchi nzima inamlilia mtu mmoja. Tungoje." Mama Agnesi alinitazama, akageuka akachochea moto. Agnesi, ambaye alikuwa na miaka sita hivi, akaingia na bakuli la usipa akilishika kwa mikono miwili, akaliweka chini akataka kukimbia, baba yake akamshika bega.

"Hukumwamkia mgeni," akamwambia. "Unamjua huyu? Huyu ndiye aliyemwandikia Kamishna kwa ajili yetu."

Mtoto akapiga goti mbele yangu. "Shikamoo," akasema.

"Marahaba," nikaitikia.